Msiuze kwanza zile soprano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mara nyingi unajaa mambo ya umeme na barabara na ni haki kabisa, lakini leo mimi nataka kusema juu ya saksofone, ile ndogo iliyonyooka kama klarineti, soprano. Mwaka huu peke yake nimeshaona tatu zinauzwa na watu wa fanfari (bendi za vyombo vya kupuliza) na korali hapa Lubumbashi, zote bado zinang'aa, na kila mwenye kuuza ananiambia neno lilelile, "yaya, hii haitunii, inalia pembeni", yaani sauti yake haikubaliani na vyombo vingine. Hata mimi nilikuwa karibu kuuza yangu. Sasa siuzi, ndiyo maana naandika.

Nimepiga tenori miaka 12 kwenye fanfari ya kanisa huku Katuba. Mwezi wa nne nilipopata pesa ya soprano nilifikiri ni kuhamisha vidole tu, maana vidole ni vilevile na zote mbili ni za noti ya "si bemoli" (ukipiga do, kwenye kinanda inasikika si bemoli), soprano iko oktavi moja juu ya tenori, basi. Nikaichukua kwa mchuuzi mmoja wa mjini, mpya, dola 400, sanduku zuri lenye kitambaa cha buluu ndani, na beki (ile ncha ya kutia mdomoni) ya plastiki na anshi moja (anshi ni kale kamwanzi kembamba kanakotetemeka ukipuliza, kwa wasiojua). Nikafika nyumbani nikakaa barazani nikapuliza. Ilitoka sauti nyembamba ya puani, noti za juu zote zimepanda, na za chini ndo kabisa, do ya chini inaguguma kama maji kwenye bomba, noti ya si bemoli ya mwisho haitoki hata nikikaza namna gani. Usiku ule sikulala vizuri, dola 400 si mchezo kwa mtu mwenye watoto shuleni.

Kumbe kulikuwa na makosa mawili tofauti na mimi nilikuwa nayachanganya.

La kwanza ni la chombo. Kuna mzee mmoja komini ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi) anatengeneza vyombo vya fanfari, nikampelekea. Hakupuliza hata mara moja. Alifunga dirisha, akazima taa, akateremsha ndani ya bomba kataa kadogo kenye waya, akaanza kufunga kle (vitufe) moja moja kwa vidole. "Papa, angalia pale." Nikaona mwanga unatoka pembeni ya tampo (kile kipedi laini kinachoziba tundu) ya noti ya sol dieze, mstari mwembamba kama unywele. Sasa ile tampo inatakiwa ibaki imefungwa kila unaposhuka kwa mkono wa kulia, na kinachoikandamiza ni kamkono kadogo kenye skrubu, skrubu ikilegea tampo inainuka kidogo, hewa inatokea hapo, na noti zote za chini zinakufa. Mzee akazungusha skrubu kidogo sana, akapitisha karatasi ya sigara chini ya tampo, akavuta kuona kama inashikwa, akazungusha tena. Dakika 20 hivi. Nikapuliza, ile noti ya si bemoli ikatoka yenyewe, nene, bila kulazimishwa, na mimi nilisimama pale machozi yananilengalenga nasema ukweli.

Hizi soprano za bei ya chini zinasafiri mbali mpaka zifike kwetu, meli, lori, mashimo ya barabara, na hakuna anayezirekebisha kabla ya kuziuza. Mtu anapuliza siku ya kwanza, inagoma, anasema ni mbovu. Mimi nasema ingiza taa kwanza.

Kosa la pili lilikuwa langu na hilo halina skrubu. Kwenye tenori nilizoea mdomo umelegea, beki kubwa, unaachia hewa ndani na chombo kinakusamehe. Soprano beki yake ni ndogo, na mimi kwa hofu nilikuwa naing'ata, na ukiing'ata noti inapanda na sauti inabanwa. Tena nilikuwa nimeisukuma beki ndani mno kwenye koki (kile kizibo inapovaliwa beki). Bomba la tenori ukilinyoosha ni kama mara mbili ya la soprano, kwa hiyo milimita mbili kwenye tenori karibu hazisikiki lakini kwenye soprano zinaharibu wimbo mzima. Nikaivuta beki nje kidogo, nikalegeza taya, na kila jioni binti yangu ananishikilia noti moja kwenye kinanda na mimi naifuata polepole mpaka zile sauti mbili ziache kugombana (kumbukeni kinanda kikishika do sisi tunapiga re). Wiki tatu, noti ndefu tu, hakuna wimbo. Majirani wa hapa kwetu nawashukuru sana kwa uvumilivu.

Na baridi nayo. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi mnajua huku kwetu kunavyokuwa, chombo cha baridi kinashuka chini ya kinanda, usianze kulaumu mtu, kipulizie hewa ya joto kwanza ndo utuni. Halafu kiangazi kinakausha anshi mpaka inajipinda kwenye ncha, mimi sasa naziweka kwenye kaboksi kalikofungwa vizuri na nazilowesha mdomoni kabla ya kuanza.

Sasa ukiniuliza inalia vipi. Chini ina joto, ina kama harufu ya mti, watu hawategemei kitu kidogo hivi kiwe na sauti hiyo. Katikati, toka sol mpaka re ya juu, ni ile sauti ya mama anayeanzisha wimbo peke yake kanisani kabla korali haijaitikia, na hapo ndipo nilipoipenda. Juu kabisa, mi na fa zinazofunguliwa kwa kiganja, bado zinanipa taabu, na do dieze ya katikati ambayo vidole vyote vimeachia bado ni dhaifu. Nilibadilisha beki nikaweka ya eboniti (mpira mgumu mweusi) niliyonunua kwa mwenzangu dola 60, na anshi ya ugumu namba mbili na nusu, sauti ikajaa zaidi kuliko nilivyotegemea.

Nafikiri shida yetu nyingine ni masikio. Sisi tumelelewa na rumba, na saksofone za rumba tulizozizoea ni tenori na alto, Verckys na bendi ya OK Jazz, Manu Dibango wa Kameruni alipokuja kupiga na bendi ya African Jazz ya Kabasele, sauti pana. Tukisikia soprano tunasema inalia kama mtoto. Lakini Adolphe Sax, yule Mbelgiji wa Dinant aliyepata hati ya uvumbuzi wa saksofone kule Paris mwaka 1846, alitengeneza familia nzima, ndogo kwa kubwa, na soprano ina kazi yake. Sidney Bechet, mpigaji jazz wa New Orleans, aliifanya iimbe kwa mtetemo mpana mpaka inashinda tarumbeta. John Coltrane, Mmarekani mwingine wa jazz, alikuwa mtu wa tenori kama sisi, na mwaka 1960 aliingia studio na soprano, watu wengi wakaanza kuitafuta upya. Haikosi tuni kwa asili yake, inadai sikio.

Kwa hiyo wazee wa kamati za fanfari nawaomba kitu kimoja, msimpe mtoto anayeanza soprano kwa sababu ni ndogo na inamtosha mikononi. Mpeni alto kwanza, sikio likishakaa ndo apewe hii. Na wewe Mhariri, tuma mwandishi siku moja aende kwa mafundi wa vyombo pale Kenya, ni wachache, wamezeeka, na sijaona kijana anayekaa nao kujifunza ile kazi ya taa na karatasi ya sigara.

Zile soprano tatu nilizosema, mbili zimeshaondoka. Mwenye ya tatu nimemwomba asubiri, Jumamosi tunaipeleka pamoja kwa yule mzee.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi