Kama mnatupunguza tuambieni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nafanya kazi kampuni moja kubwa hapa Posta, Dar es Salaam (jina nalihifadhi, mshahara bado nautaka) na siku hizi ofisini kila mtu yuko kwenye grupu la WhatsApp anasoma tetesi, mara kitengo cha huduma kwa wateja kinahamishiwa India, mara Nairobi, mara ni uhasibu tu, na bosi ukimuuliza anacheka anakwambia chapeni kazi. Kazi gani wakati mtu ana mkopo wa benki na kiwanja Chanika hajamaliza kulipa? Halafu kuna wageni wamekuja na laptop wanaandika kila tunachofanya, eti mafunzo. Jamani sisi sio watoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aseme sababu, akae na wafanyakazi wajadili namna ya kuepuka, nani aondoke kwa vigezo gani, na malipo. Sio ushuke mwendokasi asubuhi ukute kadi haifungui geti. Na kiinua mgongo chenyewe sheria inaanzia mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, yaani hata upige 20 unahesabiwa 10. Mjini hapa hiyo inafika wapi?

Viongozi wa chama cha wafanyakazi, makato yetu mnachukua kila mwezi, andikeni barua muombe kikao wiki hii. Mabosi wakikataa, CMA ipo, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Mfanyakazi mwenye presha, Mbagala