Bima ya bodaboda: tuelezeni kabla hatujalipa

Mhariri,

Kijiweni kwetu Mbagala, mwenzetu aliibiwa pikipiki ya mkataba, ile unayomlipa mwenyewe kidogo kidogo hadi iwe yako. Akakimbilia kwa wakala na karatasi yake, akaambiwa bima ndogo hulipa madhara ya mtu wa tatu tu, yaani watu wengine uliowadhuru, si pikipiki yako. Wizi umo kwenye bima kubwa. Pikipiki hana, na tajiri mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake. Inauma sana.

Madereva wenzangu, mnapokata bima semeni wazi kwamba mnabeba abiria. Bima ya matumizi binafsi inaweza kuwaruka siku ya ajali. Kisha ingizeni namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, mtandaoni. Bima yako isipoonekana, rudini kwa wakala siku hiyohiyo. Nanyi mawakala, tuelezeni kinacholipwa na kisicholipwa kabla ya kupokea hela yetu.

Dereva wa bodaboda,
Mbagala, Dar es Salaam