Panya hadanganyiki na chuma chakavu, mtoto je?

Ndugu Mhariri,

Sisi wa Morogoro tunatamba na panya buku wetu, na tuna haki. Magawa, aliyefunzwa hapa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alifichua mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu. Wenzake walisaidia Msumbiji, ambayo Septemba 2015 ilitangaza kumaliza kazi ya kutegua mabomu ya ardhini yaliyojulikana.

Wengi husifia wepesi wake: akilikanyaga bomu halilipuki. Mimi navutiwa zaidi na pua yake. Kifaa cha kutambua chuma hulia kwa kila msumari na kifuniko cha soda, na mteguaji hana budi kuchimbua vyote. Panya hunusa baruti. Chuma chakavu hakimhusu. Ndiyo maana eneo kama uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa anaweza kutumia hadi siku nne.

Mtoto hana pua hiyo. Novemba 2017, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu. Likalipuka shuleni. Watoto watano walikufa na makumi wakajeruhiwa. Ngara inapakana na Burundi na Rwanda, na silaha za vita vya jirani hazina habari na mpaka.

Medali tunazo, lakini ninaposafiri mikoa ya Kagera na Kigoma sijaona bango hata moja penye mizani ya vyuma chakavu, mahali ambapo kila mtoto wa kijiji anajua bei ya kilo. Hapo ndipo picha za mabomu zitundikwe, hata kabla ya darasani. Mnunuzi mwenyewe afundishwe kutogusa, kuwasogeza watu mbali na kuita polisi.

Na polisi nao, tafadhali, mtoto akija kusema ameona kitu porini, asihojiwe kama mhalifu wala mzazi wake asiwekwe ndani. Akiona mwenzake kapata msukosuko kwa kusema ukweli, cha kwake atakificha uvunguni mwa kitanda.

Msomaji wako,
Morogoro