Barua ya Malalamiko: Ukurasa wa Kugawa Kasi na Mwongozo Wake

Mkuu wa Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MAKOSA YA MWONGOZO NA UKURASA WA KUGAWA KASI KWENYE RUTA YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ruta yenu inaendeshwa na Linux, na kazi ya kugawa kasi inafanywa na tc, zana ya amri ya kupanga foleni za mtandao, ambayo mafundi wameizoea miaka mingi. Hatuna ugomvi na zana hiyo, ingawa nayo ina ukali wake. Ugomvi wetu ni mwongozo wenu: fundi akiufuata neno kwa neno, ofisi nzima inakosa mtandao wa maana.

Chukueni mfano wenu wa kwanza. Laini ina megabiti 10 za kupakia, nanyi mnaelekeza daraja kuu la HTB (mpango wa foleni unaogawa kasi kwa madaraja) lipewe 9000kbps, na madaraja matatu chini yake yapewe 3000kbps kila moja. Ni wazi mwandishi alikusudia kilobiti. Kwa tc, kbps ni kilobaiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Kilobiti huandikwa kbit. Andikeni tc class show dev eth0 (eth0 ni kadi ya mtandao inayoelekea intaneti) mjionee: daraja kuu linasoma rate 72Mbit. Laini ya megabiti 10 haifiki huko, kwa hiyo ruta haizuii chochote. Foleni inahamia kwenye modemu, ambako kipaumbele mlichopanga hakijulikani, na simu za intaneti zinakatika mara tu mtu mmoja anapopakia video. Mteja anamlaumu mtoa huduma wa intaneti bure. Sahihi ni 9000kbit na 3000kbit.

Mfano huohuo hauna default, yaani daraja la kupokea paketi zisizopangiwa pengine. HTB isipopewa default, paketi isiyolingana na kichujio chochote (kanuni inayoipeleka paketi kwenye daraja lake) haiingii daraja lolote, inapita kwa kasi yote ya kadi ya mtandao. Hesabu yake inapanda kwenye direct_packets_stat ukiandika tc -s qdisc show dev eth0. Mwongozo haugusii kabisa jambo hili. Halafu ukurasa wenu unayapa madaraja namba za kawaida, ilhali tc inasoma namba hizo kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Daraja mnaloliita 10 linaonekana 1:a. Fundi anayejaza default 10 kwenye kisanduku cha mipangilio ya juu ameelekeza kwenye 1:10, yaani la 16, ambalo halipo, na paketi zote zisizo na kichujio zinapita bila kikomo. Hapo hata fundi mzoefu atapoteza siku nzima.

Kuhusu kupakua, mnasema mpangilio wa eth0 unatosha pande zote mbili. Si kweli. Foleni ya root, yaani foleni kuu ya kadi, inashika paketi zinazotoka tu. Zinazoingia lazima zihamishiwe kwanza kwenye ifb, kadi ya mtandao ya kubuni ndani ya Linux. Kwa laini ya megabiti 40, hii inatosha:

ip link add ifb0 type ifb
ip link set ifb0 up
tc qdisc add dev eth0 handle ffff: ingress
tc filter add dev eth0 parent ffff: protocol all u32 match u32 0 0 action mirred egress redirect dev ifb0
tc qdisc replace dev ifb0 root cake bandwidth 36mbit ingress

Kasi iwe chini kidogo ya ile halisi ya laini, la sivyo foleni inarudi kwa mtoa huduma. CAKE, foleni iliyotumika kwenye mstari wa mwisho hapo juu, imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, na ofisi nyingi ndogo hazihitaji madaraja yenu kabisa.

Kinachokera kuliko vyote ni kitufe cha Hifadhi. Skripti iliyo nyuma yake inatumia add, amri ya tc ya kuongeza kitu kipya tu. Mtu akibadilisha kasi na kubonyeza tena, kernel (kiini cha Linux) inajibu RTNETLINK answers: File exists, yaani kitu hicho kipo tayari, mpangilio wa zamani unabaki ulivyo, lakini ukurasa unaandika kwa kijani kwamba mabadiliko yamehifadhiwa. Huo ni uongo, hata kama haukukusudiwa. Tumieni replace kwenye madaraja, au futeni root kwanza kisha mjenge upya, na jibu la kernel likiwa la kosa mlionyeshe kama lilivyo.

Zaidi ya hayo, kifaa kinatoka kiwandani kikiwa kimewashwa uharakishaji wa maunzi, unaopitisha miunganisho iliyokwisha kufunguka bila kugusa foleni za tc. Onyo la mstari mmoja kando ya swichi ya uharakishaji huo lingetosha.

Tunaomba ndani ya siku 30 mtoe mwongozo uliorekebishwa na programu mpya ya ruta yenye skripti iliyosahihishwa. Mkishindwa, tunaomba kurudisha vifaa na kurejeshewa fedha kamili. Nakala ya matokeo ya amri zilizotajwa imeambatanishwa.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa mtandao, kwa niaba ya wateja wa ruta hiyo