Mafundi, fungueni selfu kwanza kabla ya kutuuzia mpya

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili la selfu za pikipiki, zile mota za umeme za kuwashia injini, maana limeniuma na najua siko peke yangu. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro, kijiwe cha Msamvu, naendesha Boxer 150 ya mkataba.

Mwezi wa nne selfu iligoma. Nabonyeza batani nasikia "ta" moja tu halafu kimya, taa zinawaka vizuri, honi inalia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, hakufungua chochote wala hakupima, akabonyeza mara mbili akasema selfu imekufa weka mpya. Elfu hamsini na tano, na elfu tano ya ufundi, hapo nina hesabu ya siku mbili sijapeleka kwa bosi. Nikalipa nifanyeje, na ile ya zamani nikamwachia hukohuko kwa sababu niliambiwa ni chuma chakavu.

Haikumaliza miezi mitano ile mpya nayo ikafanya vilevile. Safari hii abiria wangu akanielekeza kwa mzee mmoja Kihonda. Mzee akaanza na betri, akaweka mita, ikasoma volti 12.5, akasema betri nzima. Akaniambia kijana, ingekuwa inalia ta-ta-ta-ta mfululizo ningeshika betri kwanza au vichwa vya waya vilivyolegea, na ingekuwa selfu inazunguka vuuu lakini injini haigeuki ningefungua wanwei, ile klachi inayounganisha selfu na injini, ila hii ta moja na kimya ni rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye selfu, au ni kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani yake. Akachomoa waya wa hasi wa betri, akafungua zile bolti mbili zinazoshika selfu kwenye injini, akaivuta nje akaifungua mbele yangu, mimi nimechuchumaa naangalia.

Ndani unga mweusi mtupu umechanganyika na maji. Kaboni zimelika mpaka zimebaki vipande, springi haiwezi tena kuzisukuma zikaguse shaba, sasa umeme utapita wapi? Akafuta unga wote kwa kitambaa kikavu, akasugua ile shaba ya amecha, kile kiini kinachozunguka ndani ya selfu, kwa msasa laini, akachokonoa taratibu uchafu kwenye mifereji katikati ya vipande vya shaba maana ule unga ukijaa pale unashotisha, akaweka kaboni mpya na oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Kaboni elfu nne, ufundi elfu tano, oringi hakunihesabia. Nikabonyeza, ikaitika papo hapo, na mpaka leo naandika inadunda.

Sasa ndugu mhariri, sisemi selfu haifi kabisa. Mzee mwenyewe kasema waya wa amecha ukiungua, unaufungua unakuta mweusi na harufu ya kuungua, au sumaku ikibanduka ikapasuka, hapo nunua mpya usihangaike. Ninachosema ni fundi afungue, apime, anioneshe kwa macho yangu, ndo aniambie bei. Elfu hamsini kwa mtu anayelaza hesabu elfu kumi kila siku ni pesa ya kula nyumbani jamani, ni sare ya mtoto.

Na sisi madereva tuna makosa yetu tukubali. Mimi nilikuwa naosha pikipiki kila jioni kwa mashine ya presha, naielekeza pale pale kwenye selfu nitoe tope, kumbe maji yanapenya kwenye oringi iliyochoka. Siku hizi pale napitisha kitambaa tu. Halafu ule mchezo wa kung'ang'ania batani injini ikigoma kuwaka, unabonyeza mpaka inanuka. Taa kubwa ya wati 35 inakula kama ampia 3 hivi, selfu ikianza kuzungusha injini inakula makumi ya ampia, yote yanapita kwenye vikaboni vidogo vile, lazima vichemke. Bonyeza sekunde tano usizidishe, achia, subiri hata nusu dakika ndo urudie, ikigoma mara ya tatu angalia mafuta na plagi maana shida haiko kwenye selfu. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mimi napiga kiki, mguu ninao.

Kitu kingine, mkibadilishiwa kifaa chochote ombeni cha zamani muondoke nacho, ni mali yako au ya bosi wako. Ile selfu yangu ya kwanza nahisi nayo ilikuwa kaboni tu, kwa sababu ilikufa kwa dalili ileile. Kwa hiyo fundi wa mwezi wa nne kama unasoma gazeti hili, na kama hujaiweka kaboni ukamuuzia mwenzangu, naiomba selfu yangu. Kijiwe unakijua.

Dereva bodaboda, Msamvu, Morogoro