Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Slemu Tulizoziacha Mezani

Ndugu wanachama,

Mambo ya ofisi nayapitia haraka. Mahesabu yamekaguliwa na mweka hazina atawasomea mwenyewe. Ukumbi tunaendelea nao. Nawashukuru wote mnaowahi kupanga meza kabla wenzenu hawajafika. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja: namna tunavyonadi slemu, yaani ahadi ya kuchukua mizunguko 12 (slemu ndogo) au yote 13 (slemu kuu), katika mechi zetu za timu za bridge.

Nimezipitia kadi za matokeo ya ligi yetu. Uchezaji umekomaa, tukishapata mkataba, tunautimiza. Tunapokwama ni kwenye mnada. Tunasimama kwenye shupaza 4, yaani ahadi ya mizunguko 10, tunachukua mizunguko 12, halafu tunapongezana.

Hesabu yake ni hii. Tukiwa hatarini (zamu ambapo tuzo na adhabu huwa kubwa zaidi), shupaza 4 yenye mizunguko 12 inalipa 680, na shupaza 6, yaani slemu ndogo, inalipa 1,430. Tofauti ni 750, yaani IMP 13 (alama zinazolinganisha matokeo ya meza mbili za timu zinazocheza karata zile zile). Tukinadi slemu ikaanguka kwa mzunguko mmoja, tunapoteza 100 huku wapinzani wakiandika 650 kwenye meza ya pili. Tofauti ni 750 ile ile. Kwa hiyo slemu ndogo yenye nafasi nusu kwa nusu haina hasara, na nafasi ikizidi hapo, anayeiacha anaipunja timu yake.

Tazameni mgao huu wa ligi. Mfunguaji alikuwa na shupaza ree, mfalme, 8, 6, 3. Kopa ree, 7, 4. Uru 7, 6, 5, 2. Na ree ya pau peke yake. Mwenzake alishika shupaza bibi, ghulamu, 7, 4, 2. Kopa mfalme, bibi, 6. Uru 8 peke yake. Pau 9, 6, 4, 3. Pointi (ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1) ni 23 tu, na meza zote mbili zilisimama kwenye 4. Lakini hesabuni: unatoa uru moja, kisha unakata uru upande huu na pau upande ule. Hata wapinzani wakiongoza turufu mara mbili, mizunguko 12 ipo. Sasa mfalme na bibi wale wahamie kutoka kopa kwenda uru, huku kopa zikibaki tatu ndogo. Pointi ni zile zile 23, ila unapoteza kopa mbili na ree ya uru.

Ndiyo maana nasisitiza: msihesabu pointi peke yake, ulizeni ziko wapi. Mwenza akiruka hadi uru 4 kuonyesha kwamba ana uru moja, mfunguaji asiye na kitu kwenye uru anajua kila pointi inafanya kazi. Hapo Blackwood, yaani mnada wa kumuuliza mwenza ana ree ngapi, haina la kuongeza, kwa sababu ree inayokosekana ni ile ya uru tu. Wengi wetu tunakimbilia kuuliza idadi ya ree wakati tuna aina nzima isiyolindwa. Jibu linakuja, na bado hatujui kama wapinzani watatuchukulia mizunguko miwili ya kwanza.

Kwa slemu kuu ushauri wangu unageuka. Fainali ya Bermuda Bowl (ubingwa wa dunia wa bridge kwa timu) ya 1975, kwenye mgao wa 92 kati ya 96, Belladonna na Garozzo wa Italia walinadi pau 7. Kantar wa Marekani alikuwa na mfalme wa pau na 10, karata mbili tu, na zilikaa pale pale Belladonna alipozihitaji. Italia ikapata IMP 12. Mkataba ungeanguka, ingepoteza 17. Mgao huo husimuliwa kama ushujaa. Mimi nauona kama mkataba mbaya uliookolewa na mgawanyo wa karata.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana mara nyingi meza ya pili haifiki hata kwenye 6. Wenzetu wakiwa wamesimama kwenye shupaza 4, slemu ndogo inatupa IMP 13. Kuu ikitimia inatupa 17, na ikianguka tunapoteza 13. Unahatarisha IMP 26 ili uongeze 4. Kama hamjaihesabu mizunguko yote 13, simameni kwenye 6.

Mwaka ujao kamati inapendekeza jioni moja kila mwezi iwe ya mnada tu, bila kucheza karata. Kila jozi ije na makubaliano yake yameandikwa: mruko wa karata moja, jibu la Blackwood, na nani anaruhusiwa kusimamisha mnada. Timu zitapangwa baada ya jioni ya kwanza.

Mwenyekiti