Mkaguzi naye akaguliwe

Mhariri,

Nimesoma malalamiko ya wasomaji wenu kuhusu matawi ya sacco huku wilayani, kila mtu analia kwamba ofisi kuu Kampala haijui Arua wala Kisoro kunaendelea nini, na dawa wanayoitaja ni moja tu, programu ya kompyuta. Jamani, kuna watu walisimamia nyumba za watawa zaidi ya 500 bila simu wala lami, na sisi Wakatoliki wengi hatujawahi hata kusimuliwa walifanyaje.

Nawasema Wasistersia, watawa walioanzia Cîteaux kule Ufaransa mwaka 1098. Kila monasteri ilikuwa na mama yake, yaani nyumba iliyoianzisha, na abati, yaani mkuu, wa nyumba mama alitakiwa kwenda kukagua nyumba binti kila mwaka, halafu kila Septemba maabati wote wakutane Cîteaux na asiyefika bila udhuru anapewa adhabu. Wa mbali walipunguziwa, wa Scotland walifika kila mwaka wa nne. Ila utamu uko hapa, Cîteaux yenyewe ilikaguliwa na maabati wa nyumba zake nne za kwanza, La Ferté, Pontigny, Clairvaux na Morimond, yaani mkubwa anakaguliwa na wanawe. Sasa niambieni, nani pale Kampala amewahi kukaguliwa na meneja wa Kitgum?

Fujo zilikuwepo, sikatai. Ireland mwaka 1216 wakaguzi walifika Mellifont, nyumba mama ya monasteri nyingi za huko, wakafungiwa lango, na ubishi ukaendelea miaka mpaka 1228 alipotumwa Mwingereza mmoja mkali, Stephen of Lexington, akainyang'anya Mellifont mabinti zake akawagawia nyumba za ng'ambo, tena akaagiza asipokelewe mtawa asiyejua Kilatini au Kifaransa. Hapo mimi naona alipitiliza, huwezi kumdharau mtu nyumbani kwake halafu ukategemea akuletee ripoti ya kweli. Na kweli 1274 shirika likairudishia Mellifont mabinti zake.

Baadaye mambo yakawa magumu zaidi. Mwaka 1307 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia watawa kupeleka pesa kwa wakubwa wao nje, halafu kuanzia 1378 Kanisa likawa na mapapa wawili, Ufaransa ina wake na Uingereza ina wake, kwa hiyo maabati wa Uingereza hawakuweza tena kwenda Cîteaux. Lakini shirika lingine la watawa, lililoanzia Prémontré kulekule Ufaransa, lilikuja kutumia akili, mwishoni mwa karne ya 15 likamwachia kazi mtu wa hukohuko, Richard Redman abati wa monasteri ya Shap Uingereza, akawa anazunguka nyumba kama 30 za Uingereza, anauliza madeni, anauliza chakula kilichopo ghalani, na mtawa aliyekosa sana anahamishiwa nyumba nyingine. Kumbukumbu zake bado zipo mpaka leo. Huyo alijua lugha, alijua njia, na huwezi kumdanganya bei ya ng'ombe.

Ombi langu kwa wakurugenzi ni dogo. Meneja wa Masindi apelekwe Mbale kukagua, wa Mbale apelekwe Kabale, na kila mwaka watu watatu wanne wa matawi wakae ofisi kuu wiki nzima, vitabu vyote viwe wazi mbele yao, pamoja na vile vya mafuta ya magari ya mabosi.

Msomaji wenu,
Mbale